Jeraha la Nta

Jiddah, Ijumaa baada ya sala

Mama yangu mpendwa,

Asalaam aleikum. Kifua chako kinaendeleaje, bado kinakusumbua asubuhi vumbi la Bulla Pesa likianza kuamka? Mimi ni mzima, ila mgongo tu unalalamika kwa kukaa siku nzima kwenye usukani wa lori la maji. Joto la huku usiniulize. Nikikumbuka tulivyokuwa tukilalamikia joto la Isiolo, najicheka mwenyewe.

Sadia, dada yangu, najua ni wewe unayemsomea Mama. Soma polepole, na usiruke mahali hata ukiona najiaibisha. Nakujua kwa kuruka.

Mama, nina jambo nimelificha karibu mwaka mzima. Nimezirudia zile rangi. Ndiyo, zile ambazo Baba aliniapisha mbele yako kwamba sitazigusa tena maisha yangu yote. Sikutaka ulisikie kwa mtu mwingine, na sasa kwa kuwa Baba hayupo, umebaki wewe peke yako wa kuambiwa.

Kisa chenyewe unakijua, lakini ulikiona kwa upande wako. Upande wangu sijawahi kukueleza, maana kila nilipotaka ulimi ulikuwa mzito.

Wale Wazungu wa sinema walipopiga kambi karibu na mto, upande wa kwenda Oldonyiro, mimi niliandikwa kubeba masanduku. Kumbe masanduku niliyopewa yalikuwa ya yule mama mwenye kazi ya kuwatengenezea waigizaji majeraha. Siku moja msaidizi wake akaugua, yule mama akaniita nimshikie kioo. Kufikia mwisho wa mwezi nilikuwa nakanda nta mwenyewe. Alinifundisha kwamba jeraha halianzi na nyekundu. Unaanza na zambarau na kijani kidogo pembeni, mahali ngozi imevilia, halafu ndipo unaingiza damu. Damu yenyewe ilikuwa sharubati, rangi ya chakula na kahawa kidogo ili ikolee. Mama, sijawahi kufanya kazi mikono yangu ikafurahi namna ile. Shuleni nilikuwa wa mwisho, kwenye lori la Baba nilikuwa wa kutukanwa, lakini pale mtu mzima alinitazama akasema nina kipaji.

Ndiyo maana nilitaka mkione. Huo ndio ukweli wote, sikuwa na nia mbaya. Walipovunja kambi yule mama aliniachia sanduku dogo, nami nikajitengenezea paja lililopasuliwa na pembe ya nyati. Nilichukua asubuhi nzima. Guyo, yule dereva wa kambi, akanilaza nyuma ya Land Rover, na tukapatana kwamba ataingia kukuita, wewe utapiga kelele, mimi nitaruka nicheke, na wewe utanifukuza na mwiko. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimeupanga mzaha wangu.

Lakini wewe hukupiga kelele. Ulitazama lile paja, ukapiga magoti kwenye vumbi pale pale mlangoni pa gari, majirani wote wakikuona, ukainua mikono. Ulisema, "Ya Rabbi, mtoto wangu akisimama kwa miguu yake, Magala ni sadaka yako."

Nami nikasimama, Mama. Nilikuwa nimeshajiandaa kucheka, na kicheko kikatoka. Hata leo nakisikia.

Magala hakuwa ng'ombe wa kawaida. Babu alimswaga mama wa Magala kwa miguu kutoka Biliqo siku ya harusi yako, na Magala ndiye aliyebaki wa mwisho katika uzao ule. Sote tulikua kwa maziwa ya uzao huo. Shehe aliitwa, akasema labda kuna njia, kwa kuwa ulidanganywa. Ni wewe uliyekataa. Ulimwambia kwamba ulisema mbele ya watu, na kwamba Mungu hukumwambia kitu juu ya jeraha, ulimwambia juu ya kusimama. Baba akaongeza, huku akinitazama mimi, "Jeraha lilikuwa la uongo. Nadhiri si ya uongo."

Magala akachinjwa, majirani wakala. Sisi hatukuonja, maana nyama ya nadhiri si ya mwenyewe. Baba alilichoma sanduku langu nyuma ya nyumba, akaniapisha, nami nikaapa bila kubisha. Hata kilio cha Magala sicho kinachonirudia zaidi. Kinachonirudia ni asubuhi ya pili yake. Uliamka kama kawaida, ukakiosha kibuyu cha maziwa, ukakifukiza moshi kwa kijinga cha moto mpaka kikanukia vizuri, ukakichukua na kutoka nacho hadi zizini. Nilikuwa nimesimama dirishani. Ulisimama pale kidogo, ukarudi, ukakitundika ukutani. Hukunigombeza siku hiyo wala siku nyingine yoyote, na heri ungenigombeza. Sikukuomba radhi, Mama. Nilitafuta kazi ya mbali badala ya kukuomba radhi.

Sasa, nimerudije? Niliingia duka la dawa hapa kutafuta dawa ya kikohozi, nikaona chupa ya gliserini. Tulikuwa tukiitumia kambini kutengeneza jasho. Niliinunua, na kikohozi nikakisahau. Nikapata na nta, gundi, pamba na rangi, na tangu hapo kila Ijumaa wenzangu wakienda kutembea, mimi hubaki chumbani na kioo. Si kwa ajili ya watu, wala hakuna anayenilipa. Ni mikono tu, ilikuwa imekaa na njaa miaka tisa.

Mwanzoni nilifanya majeraha, kwa siri. Siku moja Idrisa, Msudani ninayeishi naye, akarudi mapema akanikuta nina mkono ulioungua mpaka kwenye kiwiko. Akashika kichwa, akaanza, "Wallahi, Mungu akikuponya, mimi…" Nilimrukia nikamziba mdomo kwa mkono ule ule ulioungua, nta ikamganda kwenye masharubu. Alikasirika sana, na hakunielewa mpaka nilipomweleza habari za Magala. Tangu siku hiyo sijatengeneza jeraha tena.

Natengeneza uzee tu. Unapaka gundi, unabandika karatasi laini, unavuta ngozi, na ikikauka makunyanzi yanajitokeza yenyewe. Ijumaa iliyopita nilijiwekea ndevu za pamba, na juu ya nyusi nikaweka kovu kama lile Baba aliloachiwa na handeli ya kuwashia lori. Nilipoinua kioo, Mama, alikuwa ni yeye. Barua ya kifo chake ilinifikia watu wameshamaliza arobaini, sikumwosha, sikumzika, na sasa alikuwa ananitazama kama siku ile ya nadhiri. Nikamwomba anifungulie kiapo. Alifanya nilichofanya mimi tu. Nilipolia, naye akalia.

Kwa hiyo nakuja kwako. Kwanza naomba radhi kwa Magala, na kwa ile asubuhi ya kibuyu. Sikuombi kwa sababu nataka kitu, ingawa nataka. La pili ni kiapo. Ukisema niache, nitaacha, na safari hii nitaacha kweli. Ukisema niendelee, nitaendelea na moyo mweupe. Mwambie Sadia aandike neno moja tu, linatosha.

Nisalimie mjomba Adan, fundi wa magari, na bibi jirani aliyekuwa akipewa maziwa ya jioni. Guyo ukimwona, mwambie sina kinyongo naye, kosa lilikuwa langu. Sadia, asante kwa kutoruka.

Leo nimeandika nikiwa na uso wa Baba, nilitaka aisikie barua hii kabla yako. Joto linauyeyusha, na kovu limedondoka hapa chini kwenye karatasi. Doa hilo jekundu si damu, Mama. Ni sharubati niliyolitilia kovu rangi, ilambe Sadia kama huamini. Mimi ni mzima kabisa. Tafadhali usiweke nadhiri yoyote.

Ni mimi mwanao, niliyesimama,
Yusuf