Chai Sokoni, Bwera

Jumapili, 15 Septemba 2019
Kikundi chetu cha mazingira kimekutana tena darasani baada ya misa. Wanafunzi tisa, nchi tatu! Akumu ni Mkenya, baba yake yuko kiwanda cha saruji, wanakaa Kasese. Ameongea juu ya sola mpaka tukasahau njaa. Maate anavuka mpaka kutoka Kasindi, upande wa Kongo. Kila mara anapimwa joto kwa sababu ya Ebola, lakini hakosi. Ijumaa vijana wa dunia nzima wanaandamana kwa ajili ya hali ya hewa. Na sisi tutaandamana — hadi sokoni! Maate akaandika bango la kwanza: MAKAA INAUA MLIMA. Wote wakapiga makofi. Mimi pia.
Sikuwaambia Mama anauza nini.

Jumanne, 17 Septemba
Nimewaambia. Feresita, yule wa magunia pale langoni mwa soko, ni mama yangu. Tangu Baba afariki, makaa ndiyo yametulea.  Akumu akanishika bega: hata kwao wanakula kwa moto wa tanuri la saruji. Maate alikasirika.
"Mulima haiulize makaa ni ya mama ya nani!"
Mlima ulipokwisha miti, mafuriko ya Kilembe yalibeba nyumba ya mjomba wake, na mjomba mwenyewe ndani.  Nimelia njia nzima. Ana haki. Na Mama ana haki.

Jumatano, 18 Septemba
Maate amenitafuta. Hakuomba msamaha. Amefungua mkebe tu — makaa aliyotengeneza mwenyewe, kwa maganda ya kahawa na uji wa muhogo! Yanavunjika ukiyashika vibaya. Nikasema: tuache mabango, tukapike chai sokoni. Watano wamekubali, wanne wamekataa. Basi tutapika!

Alhamisi, 19 Septemba
Nimemwambia Mama mpango wetu, na bango la Maate. Aliendelea kuchambua maharage. Kisha: huyo kijana wa Kongo aje aniambie mbele ya uso wangu. Nikamwambia atakuja kesho.

Ijumaa, 20 Septemba
Naandika hapahapa sokoni, juu ya gunia. Afande ameuliza mkutano huu ni wa nini. Akumu: "Ni chai, afande." Amebaki kuingoja! Mwanzo aibu tupu. Moshi, machozi, wauza makaa wote wanacheka. Maate anapuliza jiko, jasho linamtiririka. Mama akaja, mikono kiunoni.
"Wewe ndiye mutu ya Kongo?"
"Ndiyo, Mama."
"Umeshindilia sana. Moto itapumua wapi? Toka kidogo."
Akapiga magoti! Ameyapanga makaa upya, moja moja, anapepea kwa mfuniko wa sufuria. Halafu, kama mtu asiyejali: hii maganda munatoa wapi?
"Kwa mashini ya kahawa. Banayatupa bure, Mama."
"Yote?"
"Yote."
Mama akageukia magunia yake, akahesabu kwa vidole. Namjua akihesabu hivyo: tayari yuko kwenye biashara. Upande mmoja umeshika, mwekundu kabisa. Maji bado. Wanawake wawili wameacha magunia yao, wanakuja kuchungulia. Mama anasema tusogee, tunamzibia upepo —