Mashavu ya Mama Ukutani

Naryn, 9 Februari

Mpendwa Mshauri Anarkul,

Naomba msaada wako, na naahidi kukueleza yote, hata lile ninaloona haya kuliandika. Naishi na bibi mzaa mama, naye mama yuko Moskva anakoshona makoti kiwandani, na kwa kuwa macho ya bibi hayaoni vizuri kwenye simu, mjomba alituletea projekta, nami kila mama akituma video naionyesha ukutani, majirani wanakuja, tunakunywa chai.

Mama hujirekodi kwa tableti kuukuu ambayo picha yake inakaribia mraba, lakini projekta imewekwa ijaze ukuta mzima, kwa hiyo huivuta picha kwa upande mpaka mama anakuwa mnene. Tena video ni ya ubora wa juu, ila projekta yetu ya bei rahisi ina nukta chache za kuunda picha kuliko video, basi huzipunguza, na katika kupunguza hufuta weusi ulio chini ya macho yake. Kwenye simu namwona alivyo: amekonda, mifupa ya uso imetokeza.

Juzi jirani yetu Burul alijipiga goti, akamwambia bibi: "Wewe Saikal, binti yako kawa kama mke wa tajiri! Tazama mashavu!"

"Si anakula nyama kila siku," bibi akasema, akicheka hadi akajifuta machozi. "Kumbe nilikuwa nakosa usingizi bure."

"Basi mwache akae huko. Arudi kufanya nini, kukamua ng'ombe?"

Mama ameuliza kama arudi majira ya kuchipua au aongeze mwaka, na kwetu hawezi kuamua bila baraka ya mama yake. Ijumaa bibi ataita majirani, wainue mikono kuomba dua, ambariki abaki. Nimekwisha kuona kwenye menyu mahali pa kurudisha picha iwe sawa, ni kubonyeza tu, lakini nikibonyeza bibi ataanza tena kukesha, na nisipobonyeza mama atabaki, na sina wa kumuuliza, maana wote wanafurahi na nikinyamaza wananiambia, "Huyu naye kanuna nini?" Tena naogopa pengine nataka kubonyeza kwa ajili yangu tu. Tafadhali nijibu mara upatapo barua hii: je, nibonyeze?

Aichurok, darasa la tisa

Aichurok mwanangu,

Pole. Umebeba peke yako mzigo wa watu wazima. Lakini nakukemea pia: unamwona bibi akiamua jambo zito kwa picha iliyovutwa, nawe unaita kimya chako huruma! Usingizi wake usilipiwe kwa afya ya mama yako.

Hata hivyo, usibonyeze mbele ya majirani. Leo mpigie mama, muulize waziwazi anakula nini, anaumwa wapi, anataka kurudi au kubaki. Kisha, kabla Burul hajanusa chai, keti na bibi. Piga picha yako yenye umbo kama la video ya mama, mwonyeshe ukutani ikiwa imevutwa, halafu ikiwa sawa. Wewe uko ubavuni mwake, uso wako anaujua. Ataelewa kuwa ni mashine, hatadhani mwanawe kapatwa na ugonjwa ghafla. Ndipo umrudishie mama umbo lake. Na ule weusi wa macho, ambao projekta yenu haitauonyesha hata ukibonyeza, mweleze kwa mdomo. Akilia, mshike mkono. Baraka aitoe akimjua anayembariki.

Kuhusu kutaka kwa ajili yako, una haki. Barua nzima umenieleza jinsi mama anavyoonekana, na hakuna mahali ulipoandika kwamba umemkumbuka. Ukimpigia leo, anza na hilo.