Mgongo Wangu Mikononi mwa Mkamwana

Alhamisi. Mvua imenyesha tangu alfajiri, ile mvua yetu isiyo na haraka, na mlima Rungwe haujaonekana siku nzima. Migomba iliyo nje ya dirisha imelemewa na maji. Ninaandika haya nikiwa nimekaa.

Nimekaa kwenye kiti.

Wanaosoma kurasa hizi wanajua kwamba kwa miezi saba nimeandika nikiwa nimesimama, kompyuta ikiwa juu ya kabati la vyombo. Nilikula nimesimama. Kanisani nilisimama nyuma, karibu na mlango, hata mzee mwenzangu mmoja akaniuliza kama nimeajiriwa kulinda. Sikucheka. Kila nilipojaribu kukaa, maumivu yalianzia kiunoni, yakashuka pajani, yakaishia kwenye kidole gumba cha mguu wa kushoto. Chanzo chake ni mkungu mmoja wa ndizi, ambao mtu wa umri wangu alipaswa kumwachia mwingine aubebe.

Leo nimemaliza awamu yote ya matibabu kwenye kitanda cha kuvuta mgongo. Nina mengi ya kushukuru, na jambo moja la kukiri.

Daktari wa Mbeya ndiye aliyenionyesha picha ya mgongo wangu. Alieleza kwamba diski, yaani ule mto laini ulio kati ya pingili na pingili, imetokeza nje na inaugandamiza mshipa wa fahamu unaokwenda mguuni. Upasuaji ulikuwapo, lakini alitaka tujaribu kwanza njia isiyo ya kisu. Mgonjwa hulala kwenye kitanda maalumu, hufungwa mkanda mmoja kifuani na mwingine nyongani, kisha mashine huvuta taratibu, hulegeza, huvuta tena, ili mshipa upate nafasi. Alinionya kwamba njia hiyo haimsaidii kila mtu. Nilimheshimu kwa kunionya. Kisha akasema kwamba kitanda cha namna hiyo kipo hapa Tukuyu, kwenye kliniki moja, na anayekiendesha ni binti hodari sana.

Nilimjua binti huyo. Ni mke wa mwanangu.

Msomaji asiye wa kwetu na aelewe. Kwa Wanyakyusa wa rika langu, baba mkwe na mkamwana hawakai chumba kimoja. Hawatazamani usoni wala hawapeani kitu mkono kwa mkono. Mkamwana akisikia mkwe anakuja, hupisha. Hakuna ugomvi ndani yake, ni heshima. Mama yangu alimpikia babu yangu, mkwe wake, uji kwa muda wote aliougua, na hakuwahi kuingia chumbani alimolala. Vijana wengi wameiacha desturi hiyo, na kanisani hatuambiwi tuishike. Mimi niliishika. Mwanangu Gwamaka alimwoa Tumpe miaka sita iliyopita. Wanaishi Msasani ya hapa Tukuyu mjini, na kila wanapokuja kijijini kwetu Lupepo mimi hukohoa kabla ya kuzunguka kona ya jiko. Nikikohoa, nasikia kandambili zake zikiondoka. Miaka sita yeye amekijua kikohozi changu, nami nimezijua kandambili zake, na hatujajuana zaidi ya hapo.

Kwa hiyo niliahirisha. Nilisema nitapona kwa dawa ya kuchua. Miezi miwili ikapita, na mguu ukaanza kufa ganzi.

Mke wangu hakunibembeleza. Alikuwa anamenya ndizi, hakuinua hata macho.

"Baba Gwamaka, endelea hivyo hivyo. Fundi atatuchongea jeneza lenye kona."

"Unataka mkamwana anishike kiuno?"

"Nataka ukae mezani. Nimechoka kula huku nimesimamiwa kama mtoto aliye kwenye mtihani."

Tukapatana hivi: Tumpe atakaa nyuma ya pazia pamoja na kisanduku cha kuendeshea mashine, na mke wangu atanifunga mikanda na kupeleka maneno huku na huku. Tumpe alikubali kupitia kwa mume wake, kwa sharti kwamba mama afundishwe kwanza kuifunga mikanda hiyo. Mama alifundishwa. Alisema ameelewa.

Siku ya kwanza nilifika mlangoni mwa kliniki na, bila kufikiri, nikakohoa. Ndani nikasikia viatu vikikimbia. Mama mmoja kutoka Kiwira, aliyekuwa kwenye benchi na bega lake bovu, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Jamani! Leo mtaalamu anamkimbia mgonjwa. Huyu mzee ana ugonjwa gani?"

Nilitamani kurudi nyumbani. Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu, ameziba njia.

Basi nikalala, nikafungwa, na mashine ikaanza. Mazungumzo ya pazia yalikuwa ya aina hii:

"Anasema ulegeze mabega."

"Mwambie nimelegeza."

"Anasema hujalegeza."

"Amenionaje?"

"Anasema anakusikia unavyopumua. Legeza, Baba Gwamaka, usibishane na mwenye mashine."

Nililegeza. Nilihisi kiuno kikivutwa polepole, kama mtu anayefungua droo iliyokwama, naye anaogopa kuivunja. Hakukuwa na maumivu. Lakini sikupata nafuu yoyote siku hiyo, wala siku iliyofuata, na nikaanza kutafuta maneno ya kujitoa.

Siku ya tatu simu ya mke wangu iliita. Ng'ombe wetu alikuwa ameingia kwenye shamba la jirani. Mtandao ulisumbua mle ndani, akatoka hadi barazani ili agombane vizuri. Mashine ilikuwa inavuta. Mkanda wa kifuani, ambao mke wangu alisema ameelewa namna ya kuufunga, ukaanza kupanda. Ulifika makwapani, ukanibana pumzi, na mgongo ukapinda upande uleule wenye maumivu. Nilikuwa nimepewa kitufe cha kushika mkononi ili niisimamishe mashine nikipata shida. Nilikitafuta. Kilikuwa kimeniponyoka na kinaning'inia kwenye waya wake chini ya kitanda.

Nifanye nini? Nilifanya nililolizoea.

Nilikohoa.

Nyuma ya pazia, viatu vikaondoka. Nikakohoa tena, kwa nguvu zaidi. Mlango wa nyuma ukafunguliwa, ukafungwa. Mtu pekee aliyeweza kunisaidia nilikuwa nimemfukuza mwenyewe, na kadiri nilivyoomba msaada ndivyo alivyozidi kwenda mbali. Baadaye aliniambia kwamba miguu yake iliondoka kabla ya akili yake.

Niliita kwa pumzi iliyobaki. Miaka sita sikuwahi kulitamka jina lake mbele yake.

"Tumpe! Tumpe, mwanangu, rudi!"

Alirudi akikimbia. Pazia lilivutwa, nusu yake likang'oka. Aliisimamisha mashine, akapiga magoti kando ya kitanda, akaulegeza mkanda, mkono wake mmoja ukiwa umenishikilia mgongo ili usianguke ghafla.

"Pole, baba. Pole sana. Umeumia?"

"Sijaumia."

Akautazama mkanda. Hapo akasahau yote.

"Nani kafunga hivi? Huyu ni mgonjwa au ni mzigo wa ndizi unaopelekwa soko la Kiwira?"

Kisha akakumbuka anazungumza na nani, akajiziba mdomo kwa kiganja. Nami nikacheka. Nilicheka hadi kiuno kikauma, na sikujali. Mke wangu aliporudi na kutukuta hivyo, mimi nacheka na mkamwana ameinamisha uso, alisimama mlangoni. "Ndaga," alisema, hiyo asante yetu ya Kinyakyusa, na sijui alikuwa anamshukuru nani. Kisha akaongeza, "Basi mimi nirudi zangu kwa ng'ombe."

Tangu siku hiyo pazia halikurudishwa. Tumpe alinifunga mikanda mwenyewe. Mikono yake haina mchezo. Ukijikaza, anasubiri tu mpaka uone haya. Kwenye wiki ya pili ganzi ilianza kupungua. Kwenye wiki ya tatu nilikaa kanisani mahubiri yote, na yule mzee akasema lindo limepoteza mtu. Sasa ninalala usiku mzima. Sidai kwamba nimepona kabisa. Asubuhi mguu bado hunikumbusha. Lakini daktari ameridhika, na habari ya kisu haitajwi tena.

Ninamshukuru Mungu. Ninamshukuru daktari aliyenieleza ukweli. Ninamshukuru mke wangu kwa ulimi wake, na hata kwa mkanda wake mbaya.

Sasa nikiri.

Jumapili iliyopita Gwamaka na Tumpe walikuja Lupepo. Nilitoka shambani, nikafika penye pipa la maji kwenye kona ya jiko, nikakohoa. Sikukusudia. Kandambili zikaondoka. Alikimbilia nyuma ya banda la kuni, akaiacha sufuria motoni, na mchana tulikula ndizi zilizoungua. Mimi nilikuwa nimekaa mezani, nimekaa vizuri kabisa, kwa sababu ya mikono ya mtu aliyekuwa anakula peke yake jikoni.

Leo, tulipomaliza, Tumpe alifungua mikanda, akaanza kuikunja. Akasema, huku anatazama sakafu, "Baba, hapa kliniki tumemaliza. Sasa ni mazoezi ya nyumbani. Usipoyafanya, mgongo utarudi ulikokuwa. Ningependa Jumapili nije nikuonyeshe, lakini..."

Nilijua kilichobaki. Hawezi kumfundisha mazoezi mtu ambaye akikohoa yeye lazima ajifiche.

"Njoo," nilimwambia. "Utanionyesha sebuleni. Na utakula mezani."

Niliona mikono yake imeacha kukunja.

Njia nzima kutoka mjini, ndani ya bajaji, nimemfikiria babu yangu chumbani mwake, na mama yangu akiweka bakuli la uji mlangoni. Walipendana, nina hakika. Mama alilia kuliko wote siku ya mazishi. Sisemi kwamba walikosea. Nasema tu kwamba babu hakuwahi kubanwa na mkanda wa mashine, na hakuna aliyemlazimisha aite. Dada yangu mkubwa atakaposikia atasema nimepotoka uzeeni. Na aseme. Nitamsikiliza nikiwa nimekaa.

Keshokutwa ni Jumamosi, tutachagua mkungu mzuri, na atakayeubeba si mimi. Jumapili watafika baada ya ibada. Nitatoka shambani kwa njia ileile, nitafika penye pipa la maji, na nitalipita kimya.

Mvua bado inanyesha, na viatu vyangu vimelowa. Namwomba Mungu aniepushe na mafua hadi Jumapili.