Alama ya Pasi Jikoni kwa Tolliver

Savannah, Jumanne

Dada Earlene mpenzi,

Pokea salamu zangu za upendo. Goti lako linaendeleaje baada ya ngazi zote zile? Sisi huku ni wazima, ila joto limetushika koo.

Nilifurahi mno mlipokuja, wewe na akina mama wa kanisa lenu la Macon. Siku mbili mkamaliza ngome, makumbusho mawili na sanamu zote za viwanjani, hadi Dada Ozella akasema jamani, wafu wa mji huu wana nyumba nzuri kuliko sisi tulio hai. Nilicheka mbavu zikauma.

Lakini tangu tuingie jikoni mwa Nyumba ya Tolliver, ile ya mabwana wa watumwa iliyogeuzwa makumbusho, sijielewi. Yule binti anayetembeza wageni aliwaonyesha alama ya pasi mezani, akaeleza kwamba mpishi mtumwa, Phoebe, aliisahau pasi ya moto pale siku mwanawe alipouzwa. Ukaweka kiganja juu yake, ukalia, ukaniambia huyo lazima ni wa kwetu. Sasa unaniandikia kwamba mjukuu wako atabatizwa Jumapili kwa jina la Phoebe, na mimi ndiye nitakayembeba na kulitaja jina mbele ya kanisa. Barua hiyo nimeisoma mara tatu, nimesimama.

Dada, ile alama niliichoma mimi. Mwaka wangu wa kwanza wa kutembeza wageni pale, nilichelewa, na aproni ya kizamani tunayovalishwa ilikuwa imekunjamana. Nikaipigia pasi mezani. Pasi ya umeme! Mgeni akauliza alama ni ya nini, na msimamizi, aliyekuwa na wiki moja tu kazini na asiyejua kuwa alama ni mpya, yuko nyuma yake. Kwa hofu ya kufukuzwa, jina la Phoebe na kisa cha pasi vikanitoka mdomoni, nimevibuni papo hapo. Leo jina lake liko ukutani kwa herufi za shaba.

Naona aibu, na bado sijui nimekosa kiasi gani. Mpishi alikuwepo kweli, na mwanawe aliuzwa kweli. Karatasi za akina Tolliver zinamwita "mwanamke wa jikoni", basi. Je, nimemsingizia, au nimempa alichonyimwa? Asubuhi naona hivi, jioni vile.

Wasalimie wote, na mama wa mtoto umbusu kwa niaba yangu. Nijibu kabla ya Jumapili: mchungaji akiniuliza mtoto anaitwa nani, niseme nini?

Mdogo wako,
Verdell