Jina Alilolitoa Mama

Musoma, Jumapili

Kaka Wambura,

Shikamoo. Tangu urudi Mtwara baada ya kumzika mama, kule nyumbani Butiama mvua imenyesha na ng'ombe wake amezaa. Nasikia binti yako bado hana jina.

Kuna jambo sikuthubutu kukwambia msibani. Uliponipigia wodini ukasema mama asivuliwe oksijeni mpaka ufike, nilikujibu sawa. Nilikudanganya. Alikuwa ameshaivua mwenyewe. Nilipotaka kumrudishia akanishika mkono.

"Rhobi, acha niongee. Mtoto wa Wambura aitwe Nyamburi, kama mimi."

Unajua kwetu mtoto hapewagi jina la mtu aliye hai. Nikabaki nimeshika ile barakoa ya oksijeni. Miaka kumi na miwili ya unesi nimewarudishiaga wengi wakiwa wanakataa.

"Mama, una uhakika?"

"Nimechoka, mwanangu."

Sikumrudishia. Nikamlowanisha midomo kwa pamba, nikakaa naye mpaka mwisho.

Nikasirikie mimi, kaka, ila usimnyime mtoto jina lake. Na ukimwita, mwite kwa sauti. Mama alilisema taratibu sana, nililisikia peke yangu.

Mdogo wako,
Rhobi