Figo za Mjomba

Jumatatu, 6 Mei
Katika wasukuma machela wote chini ya jua, hakuna wa kunifikia. Nikipita na mgonjwa, hata ukuta unasogea. Na maumivu nayajua kwa macho tu. Leo daktari wa zamu kanitania: haya profesa, huyu wa bega tumchome nini? Nikasema mofini. Kampa fentanili — inashika upesi, inaondoka upesi, na bega linarudishwa sasa hivi. Basi, nilikosea kidogo.

Jumanne, 7 Mei
Sista Mizani (tunamwita hivyo, hapotezi tone la dawa) kanisomesha bila kuombwa. Mofini inakaa, nzuri. Ila kwa mwenye figo mbovu haitoki. Inajazana, mtu analala, anasahau kupumua. Ndiyo maana kila anayeletwa huulizwa figo kwanza. Nikamwambia mimi hukoroma, siwezi kusahau.
“Mdomo huo utakuponza,” akasema.

Alhamisi, 9 Mei
Kaletwa mjomba. Wangu mwenyewe, kaka yake mama. Kaanguka kwenye jukwaa la ujenzi, paja limevunjika, meno yanagongana hawezi kusema. Msimamizi wake kasimama pembeni. Daktari kauliza: figo zake vipi? Mjomba akanikamata kidole. Ni mimi na mkewe tu tunaojua anakwenda kliniki ya figo. Kazini wakijua, hana kazi.
Nikajibu mimi: “Huyu? Akikojolea moto, zimamoto wanarudi nyumbani.”
Wakacheka wote, hata Sista. Mofini. Jioni wakaongeza.

Ijumaa, 10 Mei
Mjomba haamki. Mkewe kafika kutoka safari na mfuko wa vidonge vya figo. Sista Mizani kauona, kakimbia. Sijawahi kumwona akikimbia. Sindano ya kumzindua — akafumbua macho, akaniita jina la utotoni, akazama tena. Wamechoma nyingine. Kifua kinapanda kama kinabembelezwa.
Daktari anamwambia mkewe: huenda mgonjwa alificha, wengi huficha. Hakunitazama. Au alinitazama.
Tangu asubuhi najiambia nilitunza siri ya mjomba. Siyo. Msimamizi alitoka kupokea simu kabla sindano haijavutwa. Tukabaki sisi, daktari na Sista tu. Mjomba akaniachia kidole, akanikazia macho niseme.
Mimi nilikuwa bado nasikiliza wanavyocheka.