Sauti ya Kabwe Ndani ya Udongo

Kaka Ramazani,

Arobaini yako tumeisoma Alhamisi. Wali ulikuwa kidogo, sombe ya majani ya mihogo ikajazia. Mama hakulia. Alikaa kwenye mkeka ameushika mkono wangu, akaniuliza kama nimekupelekea chai. Sasa ananiuliza kila asubuhi. Mwanzoni nilimkumbusha kwamba umefariki. Siku hizi nasema ndiyo Mama, ameshakunywa.

Watu waliokuja kuomboleza walisimulia habari zako za wakati wa vita. Walisimulia vizuri, Kaka, ila wote waliishia katikati, halafu wakanitazama, halafu wakaomba maji. Kwa hiyo nakuandikia wewe. Kwako sina haja ya kuishia katikati.

Unakumbuka, wale askari wa Katanga na wazungu wa kukodiwa walipoasi na kuushika mji wetu, wewe ulikuwa fundi redio bila wateja. Ulikaa nyuma ya nyumba na amplifikateri, mashine ya kukuza sauti ya baa moja, uliyoletewa kabla risasi hazijaanza. Ilinguruma. Ukachomeka fimbo ya chuma ardhini, ukaifunga waya, ili mngurumo utulie. Mngurumo ukatulia, zikaja sauti. Ukaniita, macho yamekutoka.

"Zaina, kuya usikie! Watu iko nasema ndani ya udongo!"

Mimi nikasoma dua. Wewe ukanionyesha waya mweusi ambao waasi walikuwa wameutandaza juu ya majani, kutoka kambini, nyuma ya choo chetu, mpaka kituo chao cha njiapanda. Ulikuwa mmoja tu. Ukanieleza kwamba simu inataka njia ya kwenda na njia ya kurudi. "Hawa ni wavivu, wametandika moja. Sauti inaenda kwa waya, inarudi kwa udongo." Ukapigilia chuma cha pili mwisho wa shamba la mihogo, ukaunga nyaya, tukawa tunavaa kaski ya kusikilizia kwa zamu.

Mimi nilitegemea kusikia mashetani. Nikasikia Kiswahili. Miye, weye, kama wale wafanyabiashara wa Katanga waliokuwa wakishuka na meli. Aliyekuwa njiapanda aliitwa Kabwe. Jino lilimsumbua. Alimwuliza mwenzake wa kambini kama chumvi imepatikana. Siku moja, kupima waya, aliimba wimbo wa kubembeleza mtoto, na wewe uliikandamiza kaski sikioni mpaka akamaliza. Ukampa Mama naye asikie. Mama akasema adui hawezi kuwa na sauti nzuri hivyo.

Halafu ile asubuhi. Mzungu mmoja wa kambini alimwambia Kabwe kwamba mchana watakuja kuwakamata wanaume wa mtaa wetu, wabebe masanduku ya risasi, watembee mbele ya malori. Mbele, ili mabomu ya njiani yaanze na wao. Ulivua kaski ukachukua chekecheke, ukapita nyumba kwa nyumba kama mtu anayeazima unga. Papa na wenzake wakatoka mmoja mmoja na majembe, wakashika njia ya Bengamisa. Lori lilipofika lilikuta wanawake, na wewe umejifunika magunia kwenye banda la kuku. Papa alikuja kufa kitandani kwake, amekata shahada. Wanaume wengi wa mtaa huu wana wajukuu leo.

Waombolezaji huishia hapo.

Siku waasi walipokimbia, tulisikia mzungu akiongea na kituo cha darajani. Huo ulikuwa waya mwingine, lakini udongo hauchagui waya. Alisema malori yamejaa, wale wa njiapanda wabaki. Punde Kabwe akapiga. "Na siye wa huku?" Mwenzake akamjibu, "Weye ungoja pale pale. Tutapita kukukamata, twende pamoja."

Uliniambia, "Wamemudanganya." Ukaanua shati la Papa kwenye kamba. Mama akakushika kiuno, anapiga kelele, "Ule ni adui! Atakupiga masasi!"

"Mama, miye najua mpaka jino yake namna inamuuma."

Ukaenda, mikono juu, shati likining'inia kwenye mkono mmoja. Niliona yote kutoka kwenye ua. Kabwe alikuwa amebaki peke yake, mdogo kuliko wewe, mwembamba. Ulipomwambia wameshamwacha, kwanza alikucheka. Kisha akazungusha mkono wa simu kuwaita wa kambini. Akazungusha tena. Akazungusha... Kaka, sijawahi kuona mtu akizeeka kwa haraka namna ile. Akaketi chini. Kisha akavua magwanda. Alipita nyuma ya nyumba yetu na shati la Papa, akielekea mtoni, wala hakututazama. Kama alivuka, hatujui.

Jeshi la serikali liliporudi, mtu alisema Ramazani aliongea na waasi. Ukachukuliwa. Walikupiga makofi ya masikio mpaka damu ikatoka. Uliporudi uliweka sikio kwenye redio za watu ukitabasamu kana kwamba unasikia, na wateja wakaondoka kidogo kidogo, kwa heshima. Na bado wale wa usalama walikuja. Wakakuahidi nyumba Makiso, mtaa wa wakubwa, ukiwafundisha vijana wao kusikiliza watu kwa udongo. Uliwajibu, "Nimesahau." Wakarudi. "Nimesahau." Ndiyo maana ulibeba mchanga wa mtoni mpaka kifua kikakumaliza.

Sasa sikiliza. Jana mkuu wa mtaa alikuja amevaa abakosti mpya, lile koti la watu wa chama. Chama kitafanya sherehe Jumamosi, na wewe umekuwa shujaa. Wachezaji wa ngoma wameshatungiwa wimbo wako. Mimi natakiwa nisimame kukusifu. Akaniita mwananchi kwa Kifaransa chao: "Citoyenne Zaina, utasema tu namna alisikia adui na akaokoa watu. Mengine, hapana."

Nimekubali. Alifurahi sana.

Naogopa, Kaka. Mume wangu amesema niseme nina homa. Lakini nikikaa nyumbani watakuimba nusu, na wanangu watajifunza nusu hiyo shuleni wakipiga makofi. Nakuahidi: nitasema wanayoyataka, na wakishapiga makofi, sitakaa. Nitasema Kabwe aliitwa Kabwe. Nitasema nani alikuziba masikio. Shangazi nimeshamwomba amchukue Mama, na nimemfundisha kujibu habari ya chai.

Lala salama, mwana wa mama yangu. Mvua zimeanza na udongo wa kaburi lako umetitia upande wa miguu. Jumapili nitakuja na jembe niujazie. Nisipokuja, ujue nimesema.

Mdogo wako,
Zaina